Misala Yangu Imeonekana Mara Elfu Arubaini na Moja, Nimeuza Miwili

Bi Thuwaiba,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nisaidie mwenzangu kupitia ukurasa wako wa gazeti, nina neno limenikwama kooni na siku za kulimeza au kulitema zimebaki chache. Nikuondoe wasiwasi kwanza, mimi si mtu mwenye dhiki, alhamdulillahi, mume wangu Khatib ni mtu wa maneno machache na mapenzi mengi, watoto wangu wameshajiweza, nyumba yetu hapa Kipungani inaingia upepo pande mbili, na kila alasiri mimi na wanawake wenzangu sita tunakaa barazani kwangu tunasuka na kucheka mpaka mbavu zinauma, kwa hivyo usinionee huruma sana, nataka uniambie tu kama mtoto wa kaka yangu ni mwizi au si mwizi.

Mtoto mwenyewe anaitwa Sundus, binti wa kaka yangu Athman wa Siyu. Nimemlea mimi tangu yuko darasa la nne, kwa kuwa baba yake alitaka asome huku, amekula kwangu, amelala kwangu, nguo zake za sikukuu nimemshonea mimi, na sasa ni mtu mzima ana chumba chake mjini Amu na kazi yake katika duka la kuchapisha picha. Mpaka mwezi uliopita hakuna Ijumaa iliyopita bila yeye kuja kula nasi mchana.

Kazi yetu sisi ni misala ya miyaa, mikeka ya kuswalia, tunachana, tunatia rangi, tunasuka ukili na kuushona, na msala mmoja tunauuza shilingi elfu moja na mia tano, lakini tukiupeleka dukani Amu mwenye duka anataka kwa bei ya chini ili naye apate, ndipo Sundus akanambia, shangazi, kwa nini tusitie tangazo mtandaoni, watu waone kwenye simu zao na wakupigie wewe mwenyewe. Nikamuuliza hao wenye mtandao wanatoza vipi. Akanambia hawangojei mtu anunue, wanatoza kwa kule kuonekana, tangazo likitokea kwenye simu ya mtu hiyo inaitwa impresheni moja, na bei yake inahesabiwa kwa kila elfu. Nikatikisa kichwa kama niliyeelewa, nikampa elfu saba, zangu mwenyewe, pesa ya mtu sikuigusa.

Sasa wewe ni mtu wa huku utanielewa, kwetu msala ukimaliza kushonwa hautoki mtaani kabla haujapitishwa kwa majirani, unautembeza nyumba kwa nyumba, watu wanaushika, wanausifu, wanasema mashallah, na mwenye kuutaka anauchukua kwa bei ya jirani, kisha ndipo unakwenda kwa wageni, maana kuupeleka nje kabla watu wako hawajauona ni kuwadharau. Basi Sundus aliponiuliza tangazo tulielekeze kwa watu wa wapi nikamwambia kwa watu wa hapa, Kipungani, Matondoni, Shela na Amu, tuanze na wenyewe. Akasema, "Shangazi, lakini hao wote wana misala, na nusu yao wanasuka." Nikamwambia afanye nilivyomwambia. Akasema haya, akafanya.

Likaanza tangazo na mimi nikaanza kungoja simu. Simu haikulia, lakini mtaani ikawa ndiyo habari. Jirani yangu Rawiya akawa kila akipita ananambia, "Mwanamkisi, msala wako nimeuona kwa mato yangu nikitafuta mapishi, nimeuona nikisikiliza mawaidha, na yeo nimeuona tena nikimtafutia mtoto bei ya viatu, sasa naogopa hata kufungua kabati." Tukacheka sote. Hata Khatib akasema anaonyeshwa msala ule ule alioukalia. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeuza misala miwili, mmoja kwa binamu yangu Huwaida, ambaye anayo minne nyumbani na naona alinunua kwa kunihurumia, wa pili kwa mwalimu mgeni wa shule yetu, ambaye hata bila tangazo angepita mlangoni kwangu.

Kisha Sundus akaniandikia ujumbe, naunakili kama ulivyo, "Shangazi, tangazo limekwisha. Impresheni 41,000. Watu waliofikiwa 3,400. Bei kwa kila elfu ni shilingi 200. Waliotuma ujumbe ni 9. Pole kwa matokeo, nitakuja Ijumaa tuzungumze." Bi Thuwaiba, ile elfu arubaini na moja niliisoma mara tatu. Hapa Kipungani ukituhesabu sote na watoto wachanga hatujai uwanja wa mpira, na hao wa Amu, Shela na Matondoni ukiwaongeza, wenye simu na wasio na simu, hao elfu arubaini na moja walionitazama Sundus amewatoa wapi, na kama wapo mbona chini yake anasema elfu tatu na mia nne, mtu msema kweli anakuwaje na idadi mbili za watu wale wale?

Nikakaa na hilo moyoni. Juma lile lile nilikwenda Shela kupeleka mkeka katika nyumba moja ya wageni, na pale kuna kijana wa bara anaitwa Bramwel, ndiye anayewashughulikia wageni na matangazo ya bosi wake, nikamuuliza kama utani, nyinyi mnalipa ngapi kwa hizo impresheni. Akanambia, "Sixty bob kwa kila elfu, mama." Shilingi sitini. Nikarudi nyumbani nahesabu kwa vidole, elfu arubaini na moja kwa shilingi sitini kila elfu ni elfu mbili mia nne na sitini, na mimi nilitoa elfu saba, kwa hivyo elfu nne mia tano na arubaini zimekwenda wapi kama hazikwenda kwenye mkoba wa Sundus?

Kumuuliza sikumuuliza. Nilimwandikia asije Ijumaa ile nina kazi, na Ijumaa iliyofuata pia nikamwambia nina kazi, na ya tatu hakuniuliza tena. Lakini kwa Rawiya nilijisahau, nikamwambia mtoto niliyemlea amenila, na wenzetu barazani walikuwepo, wakasikia wote.

Kilichonisukuma kukuandikia ni hiki. Sundus ameposwa na kijana mzuri wa Amu, nami nilikuwa wa kwanza kufurahi, na Jumapili kaka yangu Athman anakuja kutoka Siyu tukae tupange harusi kwangu. Nimekusudia kabla hatujafika kwenye harusi nimwambie mbele ya Khatib, binti yako ana mkono mrefu, umkanye kabla hajaingia nyumba za watu. Khatib ananambia subiri. Mimi nasema nikisubiri nitakuwa nimemficha mwizi, na nikisema huenda nikavunja posa, na nyumba yangu hii yenye raha yake nimeanza kuiona haina ladha siku ya Ijumaa. Nimwambie kaka yangu au ninyamaze?

Mwanamkisi, Kipungani

*

Bi Mwanamkisi,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Majina yenu nimeyabadilisha yote, ingawa huko kwenu najua mtajuana kabla chai haijapoa. Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka na Rawiya na kabati lake, ya pili nikakasirika, na nitakupa hasira kwanza ili tuimalize. Mtoto amekaa mkononi mwako miaka yote hiyo hujamwona akiiba hata kijiko cha sukari, halafu mtu usiyemjua anakutajia bei moja mlangoni kwa bosi wake, na wewe unarudi nyumbani ukihesabu kwa vidole na kumtangaza binti yako barazani. Hapo umekosa, na huna wa kumsingizia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana umeniandikia mimi ukidhani nitakujibu mambo ya ukoo, na bahati yako kabla sijapewa ukurasa huu niliuza matangazo redioni miaka mingi. Tulikuwa na tangazo la duka la mabati, lilisomwa mara kumi kwa siku. Wewe ukiwa umekaa na redio yako jikoni umelisikia mara kumi, umechoka nalo, umelijua kwa moyo. Je, umegeuka watu kumi? Hukugeuka, umebaki Mwanamkisi mmoja mwenye masikio yaliyochoka. Impresheni ni hivyo hivyo. Inahesabu mara ambazo tangazo limetokea, haihesabu vichwa vya watu. Vichwa vimehesabiwa kwenye ile idadi ya pili iliyokutia shaka, wale elfu tatu na mia nne. Gawanya elfu arubaini na moja kwa elfu tatu na mia nne utapata kumi na mbili na kidogo. Kila mtu ameonyeshwa msala wako karibu mara kumi na mbili, na ndiyo maana Rawiya aliuona kwenye mapishi na kwenye viatu, na mumeo akauona akiwa ameukalia. Jibu la swali lako lilikuwa linapita mbele ya baraza lako kila siku na wewe ukalicheka.

Na ukitaka kujua umemwonea, tazama ulivyomshitaki. Kwanza unasema elfu arubaini na moja ni idadi ya uongo. Kisha unaichukua idadi hiyo hiyo ya uongo, unaizidisha kwa shilingi sitini za Bramwel, na unapata kiasi kamili alichoiba. Kama idadi ni ya uongo, hesabu yako ya wizi imeanguka nayo. Kama ni ya kweli, basi mtoto hakudanganya. Kwa vyovyote vile hukuwa na ushahidi, ulikuwa na hamaki.

Bramwel hakukudanganya, nadhani, ila amekutajia bei ya tangazo lake na wewe ukaifanya bei ya kila tangazo. Huko mtandaoni hakuna bei moja kama ya sukari. Kuna mnada, kama ule wa samaki wanapoletwa sokoni, wote wanaotaka kuonekana kwa mtu fulani wanashindania nafasi kwenye simu yake, na bei inapanda au kushuka kwa kutegemea ni nani unayemtaka, wapo wangapi wanaomtaka, na ni msimu gani. Bosi wa Bramwel pengine analionyesha tangazo lake kwa watu wengi mno wa nchi nzima, hata wasiofikiria kuja Shela, na watu wengi namna hiyo mara nyingi hupatikana kwa bei rahisi. Wewe uliagiza watu wachache wa kisiwa kimoja, wale wale, tena na tena, na ukiwang'ang'ania wachache namna hiyo si ajabu kila elfu kukawa ghali. Na elfu ya bei rahisi si lazima iwe elfu nzuri. Hata angekupatia kwa shilingi kumi, bado ungekuwa unamwonyesha msala mtu aliye katikati ya kusuka wa kwake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ijue kuanzia leo ili usitegemee mlango wa mtu. Chukua pesa zilizotumika, ugawanye kwa mara tangazo lilivyoonekana, kisha uzidishe kwa elfu moja. Hiyo ndiyo bei ya kila elfu. Ukitaka kwenda kinyume, chukua hizo elfu ulizopata, uzidishe kwa bei ya kila elfu, utajua ni pesa ngapi zilizotumika. Haya, tuifanye pamoja kwa maneno ya Sundus mwenyewe. Elfu arubaini na moja, kila elfu shilingi mia mbili. Arubaini na moja mara mia mbili ni elfu nane na mia mbili.

Wewe ulimpa elfu saba.

Nilirudia hesabu hiyo kwa kalamu nikidhani nimekosea. Ripoti yenyewe sijaiona na binti simjui, kwa hivyo sitaapa, lakini kwa ujumbe aliokuandikia, shilingi elfu moja na mia mbili zimetoka mahali na hazikutoka kwako. Naona zile zako zilikwisha, akajua shangazi yake amekaa na simu mkononi anangoja, na yeye mwenye kodi ya chumba na harusi mbele yake akatia zake bila kukwambia, huku akijua tangu mwanzo kwamba umemwelekeza pasipo na wanunuzi. Alikueleza mara moja kwa adabu, ukamkatalia, akakutii. Kisha umemfungia mlango Ijumaa tatu. Hapo Bi Mwanamkisi hasira zangu zilikwisha ikaingia huzuni, na nadhani na wewe hapo ulipo imekuingia.

Kuhusu biashara sina mengi. Desturi yenu ya kuutembeza msala kwa majirani ni nzuri, endelea nayo, lakini kwa miguu yako, kwa kuwa haikugharimu kitu na unarudi na habari za mtaa. Tangazo la kulipia ni la watu ambao miguu yako haiwafikii. Waelekezee watu wa Mombasa na Nairobi wenye kutafuta vitu vya kuswalia na vya nyumba, wiki chache kabla ya Ramadhani, na utie elfu moja tu kwanza uone. Na usiishie kwenye bei ya kila elfu ukaona umemaliza, hiyo inakwambia umelipa ngapi kuonekana, haikwambii umeuza. Gawanya pia pesa zako kwa ujumbe ulioingia, kisha kwa misala iliyouzwa. Safari hii, hata tukikuhesabia huyo binamu mwenye huruma na huyo mwalimu, ukizijumlisha na pesa za Sundus kila msala uliuuza kwa tangazo la elfu nne na mia moja na wewe unauuza elfu moja na mia tano. Hiyo ndiyo hasara yako, na aliyeisababisha ni wewe. Safari ijayo mwache Sundus achague watu, maana kazi hiyo anaijua.

Gazeti hili linatoka Ijumaa na kaka yako anafika Jumapili. Una Jumamosi nzima, na hizi ndizo kazi zako. Asubuhi nenda Amu, usiende dukani kwake mbele ya wateja, mngoje chumbani kwake. Usimtumie biriani kwa mkono wa mtu ukadhani umeomba radhi. Nenda mwenyewe, na shilingi elfu moja na mia mbili mkononi, na umwombe akufungulie ripoti uione sehemu iliyoandikwa pesa zilizotumika. Ukiona ni kama nilivyohesabu, mlipe, na akikataa mwachie mezani. Alasiri rudi barazani kwako, waite Rawiya na wale wale sita, na uwaambie kwa mdomo ule ule kwamba mtoto hakukula kitu chako, wewe ndiye uliyekosea hesabu. Watakucheka, na utavumilia. Jumapili Athman akija, zungumzeni harusi, na kama kuna sifa za binti yake unazozijua, hiyo ndiyo siku ya kuzitaja.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni zito kuliko safari ya Amu. Sundus atakuuliza kwa nini hukumuuliza. Usimtaje Bramwel, usimtaje Rawiya, wala usimwambie ulikuwa na kazi. Mwambie kwamba alipokueleza siku ya kwanza hukuelewa, na uliona haya kumwambia mtoto uliyemlea, "Nieleze tena." Mwambie hilo kisha unyamaze, umsikilize atakachosema.

Thuwaiba